Nusu Kabuti

Jumapili, 16 Machi

Mvua imeanza. Ilianza saa tisa alasiri tukianua nguo, na mpaka sasa inapiga bati kana kwamba imetumwa.

Daftari hili nilipewa na Mwalimu Masese kwa kuwa wa kwanza katika insha, Kidato cha Tatu. Alisema mbele ya wote, "Linda, wewe darasani huongei. Basi andika." Wakacheka. Nikaangalia viatu vyangu mpaka kengele ikalia.

Nyumbani kwetu Gesima tunaongea Ekegusii, kwa hiyo watu wengi humu nitakuwa nimewatafsiri. Neno moja lina matata. Kwa lugha yetu mama anaitwa "baba", na baba anaitwa "tata". Humu nitaandika Mama, nisije nikachanganyikiwa mwenyewe.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Hesabu, kumi na moja kwa thelathini.

Alhamisi, 20 Machi

Mama amerudi kutoka kliniki mjini Nyamira akiwa amelowa. Ana mimba ya miezi saba na nusu. Wamempima wakamwambia mtoto ametanguliza matako, na kwa kuwa Mama ana kovu la zamani, atapasuliwa tena. Tarehe wameshaiandika: 30 Aprili.

"Sista amesema kuna njia mbili," aliniambia jikoni, akikausha kitambaa chake cha kichwa juu ya moshi. "Moja unalala kabisa. Nyingine hulali, unakufa ganzi tu huku chini. Kliniki ijayo nimwambie ninayotaka."

"Na unataka gani?"

"Unajua ninayotaka."

Ninajua.

Jumamosi, 22 Machi

Sabato. Baada ya kanisa Mama alilala, nikabaki na Magokoro, mama yake Tata. Yeye ni mtu wa amri. Hata kuku wakimwona wananyooka. Nikamwuliza kama ni vizuri Mama kuwa macho wakati wa kupasuliwa. Akasema, "Alale. Mtu halazimiki kuona kila kitu." Kisha akaniambia nikalete kuni, na kuni zilikuwa pale pale miguuni mwake.

Nitaandika hapa jambo ambalo nyumbani halitajwi. Miaka minne iliyopita Mama alipasuliwa kwa haraka akiwa amelazwa usingizi. Mtoto alikuwa msichana. Aliishi saa moja. Mama alipoamka, alikuta kila kitu kimekwisha, na aliyekuwa amemshika mtoto saa hiyo moja ni Magokoro. Tangu siku hiyo Mama humwuliza swali lilelile: "Alilia?" Na Magokoro hujibu vilevile: "Nilikuwa naangalia mlango."

Hilo tu. Hajawahi kumwambia ndiyo wala la. Mama hajui kama yule mtoto aliwahi kutoa sauti. Ndiyo maana safari hii anataka masikio yake yawe wazi.

Wakati mwingine nafikiri Magokoro hana moyo.

Jumatano, 26 Machi

Leo jioni redio ya Tata ilikuwa na kipindi cha afya. Daktari mmoja alisema, "Mama anayejifungua kwa upasuaji hupewa nusu kaputi, au..." Mvua ikaja kwa nguvu juu ya bati, nikasikia tu "ganzi", kisha matangazo ya mbolea.

Nusu kaputi! Sijawahi kukutana na neno hilo katika kitabu chochote. Nimelikariri nisilisahau.

Alhamisi, 27 Machi

Kamusi ya shule imechanwa. Inaishia "nuru" halafu inaanza "nyanya". Hakuna ajuaye kurasa zilikokwenda. Lakini "ganzi" ipo: hali ya kiungo kukosa hisia. Nimeketi maktabani nikafikiri mwenyewe. Nusu ni nusu. Kaputi ni kitu kilichokwisha, kama gari la Tata mdogo. Kwa hiyo nusu kaputi ni dawa ya kuua nusu ya mwili, kutoka kiunoni kwenda chini, na ganzi ndiyo matokeo yake. Linakaa sawa kabisa. Nilifurahi mpaka nikasahau kula chakula cha mchana.

Ijumaa, 28 Machi

Mtihani wa insha. Niliandika kuhusu mtu aliyevuka mto wenye baridi. Nimeweka neno langu jipya katika aya ya tatu.

Jumapili, 30 Machi

Tumechuma chai mimi na Mama tangu asubuhi, mvua ikija na kuondoka. Amekatazwa kubeba, kwa hiyo kikapu ni changu na yeye anachuma tu za pembeni, polepole.

Kiswahili chake ni cha sokoni: bei, punguza, ongeza. Kwa kawaida humsemea mimi au Tata, lakini safari hii anataka kumjibu sista kwa mdomo wake mwenyewe. "Nimechoka kuongelewa kama mtoto," alisema. Basi nikamfundisha.

"Sema: Nataka nusu kaputi."

"Nataka nusu kabuti."

"Kaputi, Mama. Pu."

"Kabuti. Bu."

Ekegusii haina P, na ulimi wa Mama hauitafuti. Nikamwambia kabuti ni lile koti kubwa zito, kama la mlinzi wa kiwanda cha chai anakofanya kazi Tata. Akacheka mpaka akashika tumbo.

"Si ndiyo hivyo hivyo? Nusu koti. Linanifunika huku chini, huku juu liko wazi, nasikia kila kitu. Hilo ndilo nalitaka, Linda. Nusu kabuti."

Amelisema siku nzima. Anachuma majani mawili na kichipukizi, anasema nusu kabuti. Nadhani ni neno zuri zaidi kuliko lile la redioni.

Alhamisi, 3 Aprili

Mtihani wa mwisho, kwa hiyo Mama alikwenda kliniki peke yake. Amerudi kama mtu aliyeshinda mbio.

"Nilimwambia mwenyewe! Akaniuliza, una hakika? Nikamwambia, nusu kabuti, sista. Akaandika."

Nikaangalia kijitabu chake cha kliniki. Kuna herufi mbili tu kwa kalamu ya bluu: GA. Nilifurahi. Ga, ganzi. Wamefupisha.

Jumanne, 8 Aprili

Likizo. Kwenye kituo cha kupimia majani foleni ilikuwa ndefu. Bitutu, jirani yetu, ambaye sauti yake inafika Keroka bila simu, alimwona Mama akiwa amekaa juu ya gunia.

"Mama Linda, wanakupasua lini? Wakikuletea sindano ya mgongo, kimbia! Mimi nina binamu alidungwa pale kwenye uti, mpaka leo akiinama kuokota kijiko anaita watu."

Mama akakauka. Mgongo wa Mama ndio shamba letu. Ndio karo yangu pia.

"Mimi sidungwi mgongo," alisema. "Mimi napewa nusu kabuti. Linda amesoma."

Wote wakanigeukia. Nilitamani kuingia kikapuni. Lakini Mama alikuwa ananiangalia akingoja, kwa hiyo nikasema kwamba sindano ya mgongo lazima iwe ya wale wanaolazwa usingizi. Sikuwa na uhakika. Nilisema kama mtu mwenye uhakika.

"Kweli shule ni kitu kizuri," Bitutu alisema, na hakuwa anadhihaki.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua ya mawe. Chai imechanikachanika.

Jumanne, 15 Aprili

Nimemsikia Magokoro akimwambia Tata nje, "Nyinyi mmemjaza maneno. Angelala." Tata anafanya zamu kiwandani Itumbe, na akirudi huwa hana nguvu za kubishana hata na paka.

Ijumaa, 25 Aprili

Tumepanga begi: khanga mbili, sabuni, chupi, kofia ya mtoto niliyoifuma mwenyewe, kubwa mno. Mama aliiweka kwenye goti lake. Ikalitosha.

Jumatatu, 28 Aprili

Shule imefunguliwa. Matope mpaka darasani.

Jumanne, 29 Aprili

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi Mama na Magokoro walikwenda hospitali, Mama alazwe leo apasuliwe kesho. Mimi nikaenda shule. Saa saba na nusu Mwalimu Masese akarudisha insha za muhula uliopita. Nimepata thelathini na tano kwa arobaini. Katika aya ya tatu, pale nilipoandika kwamba maji yalikuwa baridi hadi mtu "akawa nusu kaputi kuanzia kiunoni, huku akili zake timamu," aliandika kwa wino mwekundu: *Hapana, Linda. Nusukaputi ni dawa ya kumlaza mtu usingizi kabisa. Hajui lolote, hasikii lolote. Ulilolitaka ni ganzi.*

Nilisoma mara tatu. *Hasikii lolote.*

Mama amewaomba, kwa mdomo wake mwenyewe, kwa neno nililompa mimi, kitu kile kile anachokiogopa. Na wamemwandikia. Na ile GA sijui ni kifupisho cha nini, lakini si ganzi.

Nilisimama. Sijawahi kusimama darasani bila kuitwa.

"Linda, unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu. Nimekosea neno."

"Utasahihisha nyumbani."

"Mwalimu, neno lenyewe liko hospitalini."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Mwalimu Masese hakucheka. Alinitoa nje, nikamweleza nikiangalia viatu vyangu, na nilipomaliza alikuwa amekwisha kumwita mwenye pikipiki anayemfahamu.

Nilifika saa tisa na nusu nikiwa nimelowa hadi soksi. Wodi ni ndefu, vitanda vinafanana, na mimi nilisahau kila kitu nikaita kwa lugha ya nyumbani, "Baba! Baba!"

Sista mmoja, beji yake imeandikwa Gentrix, akanizuia. "We msichana, hii ni wodi ya kina mama. Babako hawezi kuwa huku."

"Namtafuta mamangu."

"Sasa mbona unaita babako?"

Mwanamke mmoja kitandani akapiga makofi. "Sista, hao ni Wakisii, wawache! Kwao mambo ni kinyume."

Wodi nzima ikacheka, na Mama akainua mkono kutoka kitanda cha mwisho. Magokoro alikuwa ameketi miguuni pake na chupa ya uji.

Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia. "Mama, nilikufundisha vibaya. Nusu kaputi ni kulala. Kulala kabisa. Hutamsikia."

Nilingoja anigombeze. Mama akaanza kukamua maji kutoka kwenye sketi yangu, upindo kwa upindo, kama nilipokuwa mdogo.

"Na kile kingine?" aliuliza. "Kile cha kusikia. Kinaingilia wapi?"

"Sijui, Mama. Safari hii sitakisia. Naenda kuuliza."

Nikamwuliza Sista Gentrix, naye akamleta mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Anaitwa Bwana Ogweno, kwao ni Homa Bay, na alipoitwa daktari alisema, "Mimi si daktari, mimi ni mtu wa usingizi." Alisikiliza mpaka nikamaliza, na hilo si jambo dogo, kwa sababu mimi nikiogopa humaliza polepole.

"Saa sita nilimwuliza," alisema. "Mama, unataka kulala kabisa? Akaniambia nusu kabuti, ndiyo. Nikarudia. Nusu kabuti, ndiyo. Mara ya tatu akatabasamu. Nikasema huyu mama amejipanga vizuri kuliko mimi. Kumbe tulikuwa tunapishana." Akavuta kiti. "Haya. Wewe mwambie kwa Kikisii, na usinirukie hata kimoja."

Ndipo nikajua. Dawa ya kufa ganzi huku chini ndiyo hiyo sindano ya mgongo. Ni kitu kimoja. Mama atakaa ameinama, atadungwa chini ya mgongo mara moja, miguu itakuwa mizito na ya moto, kisha haitakuwepo. Atahisi kuvutwavutwa lakini si maumivu, na atasikia kila kitu. Akilala usingizi, hatasikia chochote mpaka aamke. Njia zote mbili anazifanya, alisema. Kwa mama asiye na tatizo jingine, ile ya mgongo ndiyo yeye huichagua kwanza, lakini mwili ni wa mwenyewe.

Nikatafsiri. Uso wa Mama ukawa kama siku ile kwenye gunia.

"Mwulize kuhusu kikapu," alisema.

Bwana Ogweno hakucheka. "Mahali pa sindano panaweza kuuma siku chache. Wengine wanaumwa kichwa, na hilo lina dawa. Lakini kikapu atabeba. Si karibuni, kwa sababu ya kidonda cha tumbo, si kwa sababu ya sindano yangu. Na mwambie hivi pia: nikiona ganzi haijashika, au mambo yakibadilika, nitamlaza. Sitaki kumwahidi kisha nimdanganye."

"Anipe muda," Mama alisema.

Akaenda kuona wengine. Mama aligeukia dirisha. Mvua ilikuwa inashuka kwenye kioo. Nilijua anahesabu mgongo wake upande mmoja na sauti ya mtoto upande wa pili, na mimi sikuwa na neno lolote la kumpa. Maneno yangu nilikuwa nayaogopa.

Ndipo Magokoro akasema, akiangalia chupa ya uji, "Alilia."

Hakuna aliyeuliza nani.

"Yule mtoto wenu alilia. Sauti ndogo, kama kitoto cha paka kilichofungiwa stoo. Mara mbili, halafu mara moja tena. Nikamwimbia. Nikaona wewe umelala vizuri, nikasema afadhali hakusikia, asije akabeba sauti hiyo maisha yake yote. Nitaibeba mimi." Alifungua chupa, akaifunga tena. "Miaka minne, mke wa mwanangu. Nikichota maji naisikia. Nimechoka kusikia peke yangu."

Mama alimshika mkono. Hakusema amemsamehe, wala Magokoro hakuomba. Walilia wote wawili bila kutoa sauti, na mimi nikashika chupa ya uji kwa sababu ilikuwa inaanguka.

Niliandika hapa kwamba Magokoro hana moyo. Sifuti, ila naandika chini yake kwamba nilikosea. Hilo ni kosa kubwa kuliko lile la kamusi.

Bwana Ogweno aliporudi, Mama alijibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Daktari, mgongo. Dunga. Nataka sikia."

Akakata ile GA, ambayo aliniambia ni kifupisho cha Kiingereza cha kulazwa usingizi kabisa, kwa mstari mmoja, akaandika upya. Kisha akanipa kalamu. "Kesho wewe hutaingia. Niandikie maneno matatu ya Kikisii: inama, usisogee, pumua."

Nikaandika. Akayasoma kwa sauti, na Mama akafunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika.

"Anasema nini?" aliuliza Bwana Ogweno.

"Anasema unaongea kama mtoto wa chekechea."

"Mwambie kesho nitakuwa nimefika darasa la pili."

Nalala kwa shangazi hapa mjini. Mvua imepungua.

Jumatano, 30 Aprili

Tata alikuja moja kwa moja kutoka zamu, sweta lake linanuka majani ya chai yaliyokaushwa. Tulisimama wote watatu nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Hakuna aliyekaa ingawa benchi lilikuwepo. Nilimsikia Bwana Ogweno ndani akisema maneno yangu matatu, moja baada ya jingine, vibaya sana. Kisha kimya. Nilisoma bango la kunawa mikono mpaka nikalikariri.

Saa tatu na dakika kumi na saba tukasikia.

Hakikuwa kilio cha kitoto cha paka. Kilikuwa kilio cha mtu aliyeonewa.

Magokoro alinishika kiganja kwa nguvu. "Umesikia?"

"Nimesikia, Magokoro."

"Na wewe, umesikia?" akamwuliza Tata.

Tata alitikisa kichwa kukubali.

"Basi sasa tuko wengi," alisema, na ndipo akakaa kwenye benchi.

Jioni Mama alitusimulia. Alisema alianza kutetemeka, na Bwana Ogweno akamwuliza kama anasikia baridi. "Nikamwambia hapana, nimevaa nusu kabuti. Akacheka mpaka miwani ikaanguka. Na kabla hajaiokota, mtoto akalia." Akamvuta mtoto karibu. "Nilisikia hata pumzi ya kwanza, Linda. Kabla ya kulia huwa kuna pumzi. Sikujua."

Ni msichana.

Jumapili, 4 Mei

Wamerudi nyumbani. Mama anatembea ameinama kwa sababu ya mshono. Mgongo unamuuma kidogo, anasema, mahali padogo kama alama ya kidole. Bitutu alikuja na ndizi akataka kupaona. Akapaona. "Ni hapo tu?" aliuliza, kama mtu aliyedanganywa na binamu.

Jumatano, 7 Mei

Mwalimu Masese amenipa kamusi yake, gundi na karatasi. Ninakili kwa mkono zile kurasa zilizochanwa, kisha nizibandike katika kamusi ya shule. Nimeandika "nusukaputi" kama ilivyo, neno kwa neno. Chini yake, kwa penseli, nyembamba sana, nimeongeza:

*nusu kabuti: vazi lisiloonekana, hufunika kutoka kiunoni kwenda chini, huacha masikio wazi. Asili: Gesima.*

Sidhani kama atafuta.

Jumamosi, 10 Mei

Sabato. Mvua nyembamba. Kofia bado kubwa. Mtoto analia sana, hasa alfajiri, na Mama huwa hakimbilii kumnyonyesha.

"Mpe ziwa!" Magokoro anasema kutoka jikoni. Lakini hasemi kwa amri, na mimi nasikia kwamba naye ameacha kupuliza moto ili asikilize.

"Ngojeni kidogo," Mama anasema. "Kidogo tu."